Mashine ya Baba na Pampu ya Gotu

Harufu ya oili iliyoungua juu ya chuma cha moto hunirudisha mtaani Wabera, mlangoni mwa karakana ya baba, hata nikiwa na mambo yangu mengine kichwani. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya mandazi. Mimi, jamani, ni oili.

Baba alikuwa na mashine ya kuchonga chuma, kuukuu na dhaifu. Kelele ilikuwa nazo tele, lakini ikikutana na chuma kigumu mota ilisimama papo hapo, kisu kimeng'ang'ania ndani yake. Mama alisema ingefaa zaidi kumenya viazi. Baba hakukasirika, maana alijua dawa yake: kisu chembamba, na kula chuma kidogo kidogo, unene wa ganda la kitunguu. "Hii haitaki ubavu," alizoea kusema. "Inataka kubembelezwa."

Mwaka ule wa ukame alikuja Ekiru, mfugaji kutoka Gotu. Kwenye gunia alikuwa na kiungo cha pampu ya kisima chao, kimepasuka vipande viwili, na baba alitakiwa kuchonga kipya kama hicho. Kisima kilikuwa hicho hicho kimoja. Meru kulikuwa na mashine kubwa, lakini huko walimwambia arudi wiki ijayo.

"Habari ya fundi. Hii kitu itaisha leo?"

"Inshallah, mzee. Mifugo yako ni mingi?"

"Iko tu."

Wafugaji wa kwetu hawahesabu mifugo kwa mdomo, wasije wakaiita mikosi. Basi baba hakujua hali ni mbaya kiasi gani, akaanza kazi kwa mwendo wake wa kawaida.

Ekiru aliketi juu ya debe akitazama. Chembe za chuma zilidondoka, nyembamba mno, na mfereji uliotakiwa kuchongwa hata haukuonekana. Alivumilia mpaka adhuhuri, kisha akasimama.

"Fundi, ongeza. Mbuzi imelala chini, haiamki. Naomba wewe."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima wa umri ule akiomba hivyo. Niliogopa. Nadhani baba naye aliogopa, kwa sababu alifanya jambo alilokuwa akitukataza hata kulitania: alitoa kisu chembamba, akafunga kipana, akaingiza kwa kina ili amalize kwa mkupuo mmoja. Mashine ikalia. Mkanda ukateleza na kutoa moshi, halafu tukasikia mlio mkali. Meno ya kisu yaliruka hadi ukutani, na kazi yote ya asubuhi ikawa imeharibika.

Ekiru alijifunika uso kwa shuka lake. Mama alileta chai, hakuna aliyeigusa.

"Nisamehe, mzee," baba alisema.

"Anza tena," Ekiru akajibu kutoka ndani ya shuka.

Baba alichukua chuma kingine, akarudia kisu chembamba. Kiungo kilipatikana kesho yake jioni. Ekiru alikitia kwenye gunia, akapanda boda, akaondoka bila kuaga.

Mvua ziliponyesha alirudi. Nyuma ya boda alikuwa amefunga mzigo mkubwa wa ngozi za mbuzi, zimekaushwa vizuri.

"Maji inatoka, fundi. Hii ni ya watoto walale. Asante sana."

Tulishangilia! Tulikuwa tukilala kwenye mkeka, na sasa kila mmoja alikuwa na ngozi yake, nyingine zikabaki. Mimi niliwahi ile nyeupe yenye madoa. Baba alipapasa moja, akaiweka chini, akafunga karakana mchana kweupe. Nilimwona mkosa shukrani.

Mwaka jana, ukame ukiwa umerudi, nilipita Ngaremara nikamkuta mama mmoja ameanika ngozi kando ya barabara, nyingi kupita kiasi. Nilimuuliza kwa nini amechinja mbuzi wote hao.

"Nani amechinja?" alisema. "Imekufa na kiu."

Ekiru alikuja kwa moyo safi, hilo naliamini. Alituletea sehemu ya kile ukame ulichomwachia. Lakini baba aliziona ngozi zile akajua ni za siku gani: ile aliyoipoteza kisu kilipovunjika. Alifariki bila kulitaja, nami sikuwahi kumwambia kuwa si yeye aliyeleta kiu. Usiku ule zilipoletwa, sisi watoto tulilala juu ya ngozi hizo fofofo, na baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, macho.