Shuka la Koleta Mlangoni kwa Mama Elinaza

Koleta hakuwa na kamera. Wanaosema alikuwa nayo hawakumwona. Pale Same, katika kibanda chake cha picha za pasipoti, alikuwa na simu iliyopasuka mgongo, shuka jeupe la kitanda, na toroli la kubebea mchanga. Kwa vitu hivyo vitatu alipiga video za harusi na za kwaya zikatoka kama sinema, hata watu wakauliza mitambo kaificha wapi.

Mtambo wake ulikuwa ukaidi. Bwana harusi atoke nje saa sita, Koleta amrudishe ndani. "Jua la utosini linamchimbia mtu mashimo machoni. Subiri." Na watu wazima wakasubiri. Akitaka picha itembee bila kutikisika, anaketi ndani ya toroli, gurudumu limepunguzwa upepo, anabana pumzi, anasukumwa polepole. Akitaka uso uwe laini, anamkalisha mtu ubavuni mwa mlango, shavu moja kwenye mwanga, jingine gizani, na shuka linatundikwa upande wa giza lirudishe mwanga kidogo. Hakufundishwa na mtu. Alikulia jiko la moshi, akaona nyuso zinavyogeuka mlango ukifunguliwa.

Basi kwaya ya Myamba wakamwita. Wimbo wao walikwisha kuurekodi kabla ya masika, na aliyeongoza alikuwa Elinaza, binti ambaye kifua kilimlaza masika yaleyale asiamke. Kwenye video za kwaya haimbi mtu. Spika inaimba, watu wanafumbua midomo tu. Mwalimu wao, Hezroni, akaamua mwimbaji mwingine, Beatha, asimame mahali pa marehemu.

Koleta akapandishwa mlimani na Iddi wa bodaboda, toroli limefungwa nyuma kama mbuzi wa sikukuu. Kabla hata hajafuta kioo cha simu, Mama Elinaza alitokea na kanga ya msiba, akasimama kati ya spika na waimbaji.

"Mwalimu, sauti ya mwanangu haivalishwi uso wa mtu."

"Mama, Beatha anafumbua mdomo tu."

"Afumbue kwa sauti yake. Mungu alimnyima?"

Beatha akarudi nyuma, machozi yanamtoka. Hezroni akakuna kichwa.

"Sasa pale anapoimba Elinaza tuoneshe nini, mama? Mgomba?"

"Nimekwambia usichooneshe. Cha kuonesha kitafute mwenyewe, si ndiye mwalimu?"

Koleta akasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe usinibembeleze."

"Sibembelezi. Twende jikoni kwako. Wewe ukae, usikilize tu. Sauti yake ipate uso wa aliyeizaa."

Mama akatazama njia ya kwake.

"Kigoda changu kimevunjika mguu," alisema. Hiyo ilikuwa 'ndiyo' yake.

Jikoni moto ulifuka. Koleta akatundika shuka msumarini, akaingia torolini.

"Dada, hili lilizoea mchanga," Iddi akaguna.

"Sukuma, na kinywa chako kifunge!"

Spika ikaanza. Mama aliambiwa asikilize tu, lakini midomo yake ilitembea. Alivuta pumzi pale binti yake alipovuta. Katikati ya ubeti kuna mahali sauti inakatika kidogo, kifua kilikuwa kimeanza kumshinda, na Hezroni aliwahi kutaka pafutwe. Hapo mama akaweka kiganja kifuani, akangoja, sauti iliporudi akaendelea nayo. Koleta alibana pumzi mpaka macho yakamwiva.

Moshi ulikuwa umelainisha mikunjo, giza limekula mvi. Ndani ya simu alikaa Elinaza.

Mama akaomba aone. Akatazama muda mrefu.

"Mwanangu huyu. Mimi niko wapi?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sipo hapa."

Hezroni, mlangoni, alivua kofia; habari ya Beatha haikutajwa tena. Koleta alipotaka kulikunja shuka, mama akamshika mkono.

"Hilo liache."

Akaliacha.

Video ikazunguka kwenye simu za watu, Koleta akasifiwa hadi Mwanga, wilaya ya jirani. Sifa hazikumkaa mwilini. Kila akiitazama ile picha aliona haya kama mtu aliyesema uongo kanisani. Vuli ilipokaribia akapanda tena Myamba.

Alimkuta mama kwenye kigoda kilekile, ubavuni mwa mlango, vilevile alivyomkalisha. Mkononi ana kioo kidogo cha kujitazamia. Shuka lingali msumarini, jeusi kwa moshi kama sufuria ya makande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku hizi mwanangu haji." Akainua kioo. "Mwanzoni, jua likiinama, nilikuwa namwona humu. Sasa nikitazama namkuta bibi kizee."

Koleta alitaka kumwambia kwamba Elinaza hakuwahi kuja. Kwamba ulikuwa mwanga, na moshi, na kitambaa. Badala yake akalitoa shuka, akashuka nalo mferejini, akalifua mpaka vidole vikamchubuka. Akalirudisha msumarini likichuruzika maji.

Lakini ukungu ulikwisha kuteremka kutoka msituni, umejaa hadi mlangoni. Hapakuwa na mwanga wa kurudisha.

Mama akainua kioo.

"Subiri kidogo, mama," Koleta alisema, akaketi sakafuni kando yake.

Wakasubiri. Jua siku ile halikutoka.