Mashine Iliyoamriwa Kufa

Fundi wa kompyuta waliyempachika jina la Mama Nyaya aliitwa hospitalini kuitazama mashine ya kupimia damu. Ilikuwa na miezi mitatu kimya. Wakala wa kampuni iliyoiuza alishapita, akasema imechakaa, inunuliwe mpya. Damu za wagonjwa zikawa zinapelekwa mji wa pili. Wifi yake Mama Nyaya mwenyewe alisubiri majibu siku nne, homa ikimla taratibu.

Alipoifungua alikutana na mabonge ya damu iliyoganda mirijani, yananuka. Akaziba pua kwa kitambaa, akasugua. Ila mashine yenyewe ilikuwa buheri wa afya, ingawa bado iligoma kupima.

Basi akaamua kuitegea sikio. Kwenye waya unaoiunganisha na kompyuta akachomeka kifaa cha kunasa kila namba inayopita. Anabonyeza kitufe, anaandika kilichopita; anabonyeza kingine, anaandika. Wiki mbili daftari likajaa. Akajua ipi ni amri ya kuamka, ipi ya kuvuta damu, na mashine hujibu nini ikiwa tayari.

Na ilikuwa ikijibu kila siku kwamba iko tayari. Papo hapo programu ya kampuni iliyomo kwenye kompyuta inatuma amri nyingine, mashine inajifunga. Akairudisha tarehe ya kompyuta mwaka mmoja nyuma. Amri ile haikuja, mashine ikapima.

Akaenda kwenye sinki, akatema mate.

“Haijachakaa,” alimwambia mkuu wa maabara. “Waliipangia siku ya kufa.”

Mkuu akataka waiache hivyo hivyo na tarehe ya uongo. Mama Nyaya akakataa. Majibu ya mgonjwa hayawezi kutoka na tarehe ya mwaka jana. Akaandika programu yake kwa kufuata daftari, wakalinganisha majibu na ya mji wa pili wiki nzima, hadi mkuu akaridhika.

Wakala alirudi akitabasamu, ananukia marashi. Alipoonyeshwa daftari hakukana chochote. Alimsifu, akamwambia kampuni inahitaji vichwa kama chake, kisha akanyoosha mkono.

“Ulikuwa unajua?” Mama Nyaya akamuuliza.

“Dada yangu, biashara ndivyo ilivyo.”

Mkono ule aliuangalia kama anavyoangalia panya aliyeoza nyuma ya kabati. Hakuushika. Akabeba mkoba wake kwenda hospitali ya jirani, walikokuwa na mashine kama ile, imefunikwa shuka stoo.