Maboksi ya Tajiri wa Isevya

Mama yangu hakuwa tajiri, ila mtaa mzima wa Isevya ulimwita tajiri. Hapa Tabora mwenye duka ni tajiri tu, hata kama duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga na mwenyewe anashindia uji. "Tajiri, nipimie sukari." "Tajiri, mafuta ya kupima yapo?" Mama aliitika kwa sauti ambayo sisi nyumbani hatukuwahi kuisikia. Alilipenda hilo jina jamani, acha tu.

Na ili jina likae, duka lilipaswa kuonekana limejaa. Mama aliamini kwamba mteja akiona rafu tupu haingii. Kwa hiyo boksi la sabuni likifika, hakulifungua juu kama watu wengine. Alilipindua, akalichana chini taratibu kwa kisu, akatoa sabuni, kisha akaliziba kwa selotepu na kulirudisha rafuni uso mbele. Ukuta mzima ulipangwa hivyo: sabuni, biskuti, majani ya chai, mishumaa. Ndani mlikuwa na hewa. Mimi binti yake ndiye niliyeshika selotepu, na nilikatazwa kumwambia mtu.

Bidhaa alichukua kwa mfanyabiashara mkubwa wa Mtendeni, hapahapa mjini. Huyo ndiye aliyekuwa tajiri wa kweli. Ukifika kwake hukuti kitu: meza, kalenda ya mwaka uliopita, na kiti ambacho mguu wake umefungwa waya. Mali yote ilikuwa ghalani, nyuma ya geti. Siku moja alipita Isevya, akaingia kwetu kunywa soda, akatazama ule ukuta. Alijua vizuri anamuuzia mama kiasi gani. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Dada yangu, ungeyatoa haya," alisema. "Watu wa makadirio ya kodi wanapita mtaa kwa mtaa. Wewe huna vitabu, huna mhasibu. Watakukadiria kwa macho."

"Nikiyatoa, wateja watasemaje?"

"Waseme! Mimi si wananisema kila siku?"

Alipoondoka mama alisonya, msonyo mrefu wa kumsindikiza mpaka kwenye gari lake. "Mwenye ghala ananifundisha kukaa kimaskini," alisema. Akachukua kitambaa akaanza kuyafuta vumbi maboksi yake, moja moja.

Afisa wa kodi alikuja Jumamosi asubuhi, wakati duka limejaa akina mama wa kwaya wakinunua sukari ya harusi. Alikuwa binti mdogo, mpole. Akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akajitambulisha. Kisha akainua macho ukutani.

"Mzigo wote huu ni wako, mama?"

Nilikuwa kwenye mizani. Nilimtazama mama, nikawa namwomba moyoni aseme. Ni neno moja tu lililohitajika: matupu. Hata kumvuta yule binti pembeni amnong'oneze angeweza. Lakini akina mama wa kwaya wote walikuwa wamegeuka, na mmoja wao akadakia kwa kicheko, "Sasa wa nani tena? Huyu ndiye tajiri wetu!"

Mama akajinyoosha. "Ni wangu," akasema. "Wote."

Yule binti akaandika. Hakuwa na ubaya, mtoto wa watu. Alimwambia kabisa kwamba akiona makadirio hayako sawa aende ofisini akaeleze, nao watarudi kuangalia upya. Makadirio yalipokuja nilimsihi mama twende. Alinijia juu. "Niende nikaseme nini? Ili waje wayafungue mbele ya watu?" Nililia siku ile kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, sijui hata nimpelekee nani.

Maana mwaka huohuo yule wa Mtendeni alipandisha ghorofa, na huku makaratasi yake, alivyotusimulia mwenyewe bila aibu, yalionyesha hasara. Mafuta ya magari, riba ya benki, mishahara ya wanawe, vyote vilitolewa kwanza ndipo kodi itafutwe kwenye kilichobaki. Yote kwa sheria, na muhuri juu. Mama alitozwa kwenye kilichoonekana. Na wale akina mama wa kwaya, kila walipopimiwa sukari walilipa kodi ndani ya bei, sawasawa na ile anayolipa mwenye ghorofa akinywa chai yake. Sisemi kodi isilipwe. Barabara tunaitaka, dawa tunazitaka. Nasema inaniuma.

Mama alilipa. Alilipa kwa faida, kisha akala mtaji. Gunia la sukari likawa nusu gunia, dumu la mafuta likawa chupa. Maboksi machache yaliyokuwa na kitu nayo yakaisha, akayaziba na kuyarudisha rafuni. Kwa nje hakuna aliyeona tofauti. Laiti wangeona! Labda kuna mtu angeuliza.

Mwisho mwenye nyumba akataka chumba chake. Tulihama mchana kweupe, na wale akina mama wa kwaya wakaja kusaidia. Mmoja akanyoosha mkono kwenye boksi la sabuni.

"Acha!" mama akamaka. "Utaumia, hilo zito."

Akasokota kanga yake ikawa ngata, akaiweka kichwani, akaniita nimtwishe. Bibi alizoea kutuambia kwamba wazee wa ukoo wetu walikuwa wapagazi, walipita njia hii ya zamani ya misafara na pembe za ndovu za watu wengine vichwani, mpaka pwani. Nilishika upande wangu wa boksi. Lilikuwa jepesi, nusura lipae mkononi mwangu. Nikajikaza, nikakunja uso, nikalinyanyua polepole pamoja naye.

Akaondoka magoti yakiwa yamepinda kidogo, mkono mmoja juu, shingo imekaza. Jirani wa ng'ambo akamwona, akapaza sauti kwa huruma ya kweli.

"Pole na mzigo, tajiri!"

Mama akasimama, akahema kwa nguvu ili asikike.

"Nishapoa," akajibu.