Kamanda na Mteremko

Katika kampuni ile ya malori, Kamanda hakuwahi kuongoza jeshi lolote. Jina alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye usukani, miwani myeusi aliyoivaa hata ofisini, na jibu la kila swali, hata lile ambalo hakuulizwa.

Meneja alipoajiri dereva wa kike, tena shemeji yake Kamanda, mdogo wa mke wa Kamanda, Kamanda alisikitika kwa sauti ili wote wasikie.

"Shemeji, hili ni lori na tela yake, si cherehani," alimwambia pale gereji, mafundi wakijifanya wanatafuta spana.

Shemeji akacheka tu, akaingia chini ya tela kukagua breki. Alikuwa mtu wa maneno machache, ugonjwa ambao Kamanda hakuwahi kuugua.

Wiki ya tatu wakatumwa pamoja kuvuka mlima, kila mmoja na lori lake, kila lori na tani thelathini za saruji. Kileleni palikuwa na kiwanja cha kuegesha na kibao kikubwa: magari mazito yasimame, breki zikaguliwe, gia ndogo iwekwe kabla ya kushuka. Shemeji akasimama. Akagonga matairi, akasogeza kiganja karibu na ngoma za breki kusikia joto, akatazama geji ya upepo wa breki. Kamanda naye alisimama, ila yeye alishuka kukojoa.

"Utashuka na gia ya ngapi, shemeji?" Shemeji akamuuliza.

"Gia?" Kamanda alimwonea huruma. "Mimi natoa gia kabisa, gari linashuka lenyewe. Mafuta yanabaki kwenye tangi, meneja ananipa mkono."

"Na breki zikipata moto zikakataa kushika? Mimi naweka ya tatu hapahapa juu, injini inalizuia gari. Mwendo ukizidi nakanyaga breki kwa nguvu, ukipungua naachia, zipoe. Sizikalii."

"Hayo ya darasani. Utafika kesho."

Akatangulia. Kona ya kwanza aliipita akipiga mluzi. Ya pili akakanyaga breki kidogo. Kuanzia ya tatu mguu haukutoka tena kwenye pedali. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua, akamhurumia dereva wa gari hilo, maskini. Kisha akatupa jicho kwenye kioo: moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya tela yake.

Akajaribu kurudisha gia. Gia ikasaga meno, ikakataa. Pedali ikazama mpaka chini na lori halikujali, tela ikimsukuma mgongoni kama mtu aliyechelewa basi. Kamanda akashika honi asiiachie, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akamwita mkewe bila kuwa na njaa.

Kushoto ikatokea njia ya dharura iliyojazwa kokoto, ile aliyozoea kuicheka kuwa ni ya wanafunzi. Akakata usukani. Lori likazama kwenye kokoto mpaka ekseli, likanguruma, likasimama. Mifuko ya saruji ikapasuka, vumbi likaingia dirishani likampaka uso mzima.

Baada ya dakika ishirini lori la Shemeji likapita polepole, likaendelea. "Ameniacha!" Kamanda akalia, na hapo machozi yalimtoka kwelikweli. Kumbe alikwenda kuegesha chini, penye tambarare, akaweka kabari kwenye magurudumu, ndipo akapanda mlima kwa miguu na chupa ya maji.

"Umeumia?"

"Breki za gari hili mbovu! Lete hayo maji nizimwagie."

"Ngoma za moto ukizimwagia maji zinapasuka. Kunywa wewe."

Akanywa. "Dada yako usimwambie."

"Sitamwambia."

Na kweli hakusema. Ila fundi aliyekuja kulivuta lori alipiga picha, na Kamanda alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshaiona mara kumi.

"Mume wangu," alimwambia, akimfuta saruji masikioni, "hayo mafuta uliyobana, tungekuzika nayo?"

Meneja hakumfukuza. Alimfanyia kibaya zaidi: miezi mitatu kwenye kiti cha abiria, lori la Shemeji. Mwezi wa kwanza Kamanda alijifanya amelala kila mteremko, jicho moja likiwa kwenye mguu wa shemeji yake. Mwezi wa pili akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua, "Hapa mbona umeachia breki?" Akaelezwa. Akauliza tena kesho yake.

Siku hizi ana lori lake na anashuka mlima ule na gia ya tatu, taratibu, bila moshi. Madereva wapya huwakusanya kantini akawafundisha namna ya kukanyaga na kuachia.

"Mbinu hii niliigundua mwenyewe," huwaambia. "Hata shemeji yangu nilimfundisha mimi."

Shemeji, meza ya pili, humaliza chai yake na kwenda kukagua breki.