Kisanduku cha Choo Kilichotoka Toledo

"Mzee Zephaniah amekufia huko Spain, na mke wake amemrudisha ndani ya ile gari."

Aliyasema hayo Bharti, jirani wa upande wa kushoto, mzaliwa wa Nairobi. Alikuwa amesimama nyuma ya ua wa mbao, amejiziba pua kwa ncha ya sari. "Siku tisa leo, mama Upendo! Umemwona mzee tangu warudi? Hujamwona. Sasa hiyo harufu ni ya nini?"

Winifrida alikuwa anaanika nguo za mtoto. Habari ya maiti hakuiamini, lakini harufu hakuwa na namna ya kuikana. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2003, na kwa joto lile mtaa mzima wa Hounslow, London, ulikuwa umefungua madirisha. Gari-nyumba la Zephaniah, jeupe, refu, lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mzee, mkabala na jikoni kwa Winifrida. Uvundo uliotoka tumboni mwake ulikuwa mzito, wenye utamu fulani mbaya, ukaingia mpaka kwenye maziwa ya mtoto. Nzi wa kijani walikuwa wamekigandia kimlango kidogo cha ubavuni. Asubuhi ile Winifrida alikuwa amekwisha tapika mara moja.

Akamfunga Upendo mgongoni, akaenda kubisha hodi kwa mzee.

"Pita, mwanangu, funga mlango upesi," Lydia, mke wa mzee, akasema. Hakuonekana kuwa na msiba wowote. Alikuwa anakula tikiti maji.

"Shikamoo, mama. Baba hajambo?"

"Marahaba. Hajambo sana. Yuko Croydon kwa binamu yake. Ameyakimbia mavi yake."

Winifrida akaketi bila kukaribishwa. Lydia hakuwa mtu wa maneno hayo. Alitoka Kakamega mwaka 1968, msichana wa miaka ishirini na mmoja, akaja kusomea uuguzi, akauguza watu London zaidi ya miaka thelathini. Kanisani, akitaka kwenda msalani, husema anatoka kupunga upepo.

Basi akasimulia, na kisu cha tikiti mkononi. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: kuiona miji ya kale ya Hispania, aliyoikodolea macho kwenye kalenda ya wodini miaka na miaka. Zephaniah akanunua gari. Gari lina choo, na chini ya choo kuna kisanduku cha plastiki ambacho kwa watu wawili kinajaa kila siku ya tatu. Kukimwaga kunataka kambi ya wasafiri yenye shimo lake na bomba lake. Lakini Zephaniah alisema kambi ni za watu wasiojua kujitafutia. Segovia wakalala nyuma ya kituo cha mafuta. Salamanca, kwenye uwanja wa malori. Toledo, kando ya mto, mbwa wakinusa magurudumu.

"Na kisanduku?" Winifrida akauliza.

"Nilikibeba mimi. Kila mara nikimwambia leo ni zamu yako, ananijibu, 'Lydia, hiyo ndiyo kazi uliyosomea.' Kisha anachukua kamera, anapanda basi kwenda mjini."

Kwa hiyo mji wa Salamanca kwake ulikuwa choo cha madereva, hakina maji, kimejaa mpaka kwenye kizingiti. Granada walizunguka asubuhi nzima wakitafuta pa kumwaga, na walipofika kwenye jumba la wafalme tiketi zimekwisha. Aliona ukuta tu. Toledo mfuniko ukapasuka, na uchafu wa siku nne ukamwagikia viatu alivyonunua mahususi kwa kutembelea mji huo. Aliliona kanisa kuu kutoka ng'ambo ya mto, peku, soksi amezishika kwa vidole viwili.

"Hapo nikamwambia, kilichobaki humo ni chako. Akadhani natania. Tumepita nacho Ufaransa yote. Bandarini afisa akafungua mlango akague, akaufunga mwenyewe, akatupungia mkono twende."

Winifrida akacheka, na papo hapo akajuta, maana kucheka kulimlazimu kuvuta pumzi. Kila alfajiri alikuwa anasafisha vyoo vya ofisi karibu na uwanja wa ndege. Uchafu wa watu aliujua. Akamtazama yule mama, vidole vyake vimepinda kwa kazi, akaanza kukunja mikono ya blauzi.

"Mama, nipe glavu na dawa. Dakika kumi tu, nimalize, watu wapumue."

Lydia akaweka kisu chini.

"Septemba anataka turudi huko. Nami nataka, Winifrida, usidhani sitaki. Nataka kuikanyaga Toledo kwa miguu yangu hii. Lakini asipokiosha hiki yeye, kwa mkono wake, hata kinachofuata nitakibeba mimi. Kesho anakuja. Na hatakuja kwangu, atakuja kwako, kwa sauti ya upole, na biskuti za mtoto. Atasema mgongo unamuuma. Utamwonea huruma, nakujua."

Akamshika mkono, ule uliokwisha kunjwa nguo mpaka kiwikoni, akaishusha nguo taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Nakuomba, mwanangu. Usikiguse."