Usaili wa Ijumaa

Ijumaa haikuchaguliwa na mtu. Ilibaki tu. Usaili ulitakiwa uangukie siku ambayo ofisi zote tatu zina mtu wa kupokea simu ya mwajiri. Jumatatu na Jumanne mwenzetu wa ustawi wa jamii alikuwa na kesi za watoto, Jumatano chama cha watu wenye ulemavu kilikuwa na semina, na Alhamisi sisi wa shirika dogo pale Sekei tulikuwa na ugeni wa wafadhili. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya pamoja, kwa hiyo ni mkono wangu ulioandika kwenye fomu: Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kazi yetu ilikuwa kuwatafutia ajira watu wenye ulemavu. Ustawi waliwaandikisha, chama kiliwaandaa, sisi tuliwabembeleza waajiri. Vikao vilikuwa vingi kuliko ajira, na chai yake ilikuwa nzuri.

Kijana tuliyempeleka alikuwa wa Akheri. Mguu wake wa kulia ulipooza tangu utotoni, akawa anatembelea magongo mawili. Alikuwa na cheti cha utunzaji wa stoo na miaka minne ya kupeleka barua zisizojibiwa. Huo ndio uliokuwa usaili wake wa kwanza. Baba yake alishamwambia kwamba ukishindikana arudi nyumbani, atamnunulia meza na mwavuli auze vocha barabarani.

"Mimi nimesomea stoo, mama," aliniambia. "Mwavuli sikuusomea."

Mwajiri alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, ambaye ukoo wake umeuza mabati na misumari mjini tangu enzi za babu yake. Alikubali kwa simu moja tu, jambo lililotushtua.

Tuliamua kijana asisindikizwe. Hilo lilikuwa wazo letu la kitaalamu: mtu akisindikizwa, mwajiri humwona mzigo. Akaenda peke yake, shati jeupe limenyooshwa pasi, bahasha ya vyeti ameichomeka ndani ya shati kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi ya magongo.

Saa sita mchana aliingia ofisini kwetu, akaamkia, akakaa. Dada mmoja wa kile chama naye alikuwepo, amekuja kusubiri habari njema. Kijana akatoa mfukoni sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya meza yangu.

"Nimepewa hii," alisema. "Sasa sijui ni nauli au ndiyo kazi yenyewe."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Alipofika dukani mlinzi alimwambia apange mstari, akapanga. Mbele yake kulikuwa na kipofu na mtoto wake, bibi wa mkongojo, na wengine wawili wenye magongo. "Nikasema, kumbe mmetuma wengi hivi. Nikaanza kuwahesabu." Zamu yake ilipofika, binti wa kaunta alichota sarafu kwenye bakuli, akamtia kiganjani, akamwambia, "Tuombee dua." Aliposema amekuja kwa usaili, wa nyuma walikuwa wanasukuma, na mlinzi akamwambia kila mtu anapewa mara moja tu.

Dada wa chama alijaribu kumfariji. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Dada, mimi hilo koleo lenyewe sijawahi kulishika."

Mimi nilizaliwa mji huu. Tangu darasa la kwanza nilikuwa napita kwenye mistari ile ya sadaka ya Ijumaa nikitoka shule, na najua ni akina nani wanaosimama mlangoni na wanafuata nini. Lakini kichwani mwangu watu wa mstari ule walikuwa watu wengine, na watu wa fomu zangu walikuwa wengine. Niliona aibu, kisha nikaona hasira kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu.

Nilimpigia mzee. Yeye ndiye aliyeanza kunigombeza: amekaa ofisini kwake nyuma ya duka mpaka saa tano, hakuna mtu. Nikamweleza yaliyotokea mlangoni.

"Leo Ijumaa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Aje kesho. Nitakaa kaunta mimi mwenyewe."

Nilimwambia kijana aitupe ile sarafu. Akairudisha mfukoni.

Jumamosi nilimsindikiza, utaalamu tukauweka kando. Mzee alimtembeza stoo, na hawakupiga hatua nyingi kabla kijana hajamwambia kwamba saruji isiegemezwe ukutani, na kwamba mifuko ya zamani imezibwa na mipya, itaganda kabla ya kuuzwa. Mzee aliitazama ile mifuko, akamtazama yeye.

"Anza Jumatatu."

"Naomba nianze Ijumaa, mzee."

Nilitaka kumfinya. Miaka minne anatafuta, halafu anapanga siku! Mzee aligeuka akatazama upande wa kaunta. Kisha alisema, "Haya. Ijumaa."

Ijumaa hiyo nilikwenda kusimama kwenye baraza ya duka la jirani, nikijifanya natazama rangi za kuta. Mstari ulikuwa mrefu. Kijana alikuja akiwa na shati lilelile jeupe, akapita kando ya watu.

"Panga mstari, ndugu," alisema mmoja wa wale wenye magongo. "Sote tuna shida."

"Shikamooni," aliwajibu wote. "Mimi nafanya kazi hapa."

Mlinzi alimpisha. Kijana alifika kwenye kaunta, akaegemeza gongo moja, akatoa ile sarafu ya mia mbili, akairudisha kwenye bakuli. Binti wa kaunta aliinamisha uso, akamfungulia mlango wa ndani.

Sikwenda kumsalimia. Nilirudi Sekei kujaza fomu, pale panapoulizwa siku ya kuanza kazi. Niliandika Ijumaa.