Vichochoro Visivyo na Majina

Nakumbuka asubuhi moja niliyotoka Malvern, mtaa wa Johannesburg, bila mpango, begani nina mfuko mmoja tu. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na kukaa mahali pamoja kulikuwa kukiniwasha miguu. Lakini, mwanangu, mtembea bure si sawa na mkaa bure. Alasiri ilinikuta pembezoni mwa Soweto, mlangoni mwa spaza, yaani kiduka cha mtaani, ya Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga, nikichungulia kompyuta iliyokaa kando ya magunia ya mchele.

Yeye na majirani walikuwa wamechora ramani ya vichochoro vya mtaa wao. Gari la wagonjwa lilikuwa limepotea humo, mgonjwa akabebwa kwa toroli. Sasa jirani yake, Thandi, alikuwa karibu kujifungua, na dereva wa gari hilo alikuwa njiani kuja kuchukua ramani.

"Wewe unayechungulia, kompyuta unaijua au unaipenda tu?" Mama Zuhura akaniuliza.

"Naipenda tu, Mama."

"Afadhali msema kweli. Haya, fungasha ramani hiyo kwenye flashi."

Nikaona mafaili manne yenye jina moja, yanatofautiana mwishoni tu. Nikadhani mengine ni nakala. Nikachukua mawili. "Sharp, Mama, mambo safi. Tayari."

"Tayari kwa nani? Hapa mzigo hautoki kabla haujafunguliwa kwenye mashine nyingine."

Akaichomeka flashi kwenye kompyuta ya binti yake. Vichochoro vikatokea vyote, bila hata kimoja chenye jina.

"Eish! Dereva amtafute Thandi kwenye utando wa buibui?"

Kisha akanieleza polepole: faili moja hubeba mistari, jingine majina, jingine husema mistari hiyo iko wapi duniani, na la nne huisaidia programu kuisoma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikayafunga yote pamoja, tukafungua tena, majina yakaja. Dereva alipofika, aliitafuta nyumba ya Thandi kwenye ramani, akaweka kidole palepale. Thandi, aliyekuwa ameketi humo dukani juu ya kreti ya soda, akashusha pumzi.

"Na wewe unalala wapi?" Mama Zuhura akaniuliza. Nikautazama mfuko wangu. Akanipa ufunguo wa chumba cha uani. "Kesho tunachora mabomba ya maji."

Mwanangu, usikitupe kitu kwa kuwa hujui kazi yake, uliza kwanza. Na kabla hujatuma mzigo, ufungue kama atakavyoufungua anayeusubiri. Wewe unavyo vyote. Yeye ana ulichompa tu. Mola akujaalie, popote miguu itakapokufikisha, umkute mtu wa kukukemea na kukupa pa kulala.